Mbuzi wa Kifungu cha Kumi na Nne

Mkataba ulikuwa na kurasa themanini na nne, na Margaret Wakesho alikuwa amezisoma zote mara tatu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine Voi, wala pengine huko Nairobi ulikoandikwa, aliyewahi kulifanya. Alizisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyosahihisha insha za watoto kwa miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili ya mwisho akiwa naibu wa mwalimu mkuu. Alijua kifungu cha sita kilitaka rangi ya ukuta inunuliwe kwa kampuni tu, makopo kumi na mawili, yapakiwe kwenye basi kutoka Nairobi, kana kwamba Voi watu hupaka nyumba zao majivu. Alijua cha tisa kilitaka vigae vyeupe, na vigae vyeupe katika mji wenye vumbi jekundu ni kujitafutia kazi ya kupiga deki mpaka kiyama. Alijua cha kumi na moja kilidai asilimia sita ya mauzo ya kila mwezi, awe amepata faida au amekula hasara, na nyingine mbili za matangazo ambayo yangebandikwa barabara za Nairobi, mahali ambapo hakuna mteja wake hata mmoja angepita.

Cha kumi na nne alikijua kwa moyo. Ndani ya friza hakutawekwa kitu chochote kisichotoka kwa Kampuni.

Kampuni yenyewe iliitwa Kipupwe, na aiskrimu yake ilikuwa tamu kweli, hilo Margaret hakulikana. Kupewa ruhusa ya kuuza kwa jina lao waliita franchise. Obadiah, mumewe, aliita kukodi jina, na kila alipotamka hivyo alitikisa kichwa, kwa sababu jina hilo lilikodiwa kwa shilingi laki saba zisizorudi. Laki saba zilitoka kwenye kiinua mgongo cha Margaret. Akiba ya SACCO ikafuata nyuma: kodi ya duka kwenye barabara ya kwenda stesheni, vigae, makopo ya rangi, leseni ya kaunti, vyeti vya afya, ada ya kibao kilichopimwa kwa utepe na kijana wa kaunti aliyehesabu hata fremu. Alipomaliza kulipa, kilichobaki kisingetosha kununua jenereta, na jenereta ndiyo aliyoihitaji kuliko vyote.

Maana kabla ya kuruhusiwa kufungua, friza ilipaswa kufaulu mtihani. Ingewashwa siku kumi na nne mfululizo, na kando yake kungening'inia kidude cheupe kidogo kama kiberiti, waya wake umeingia ndani, kikipima baridi na kuandika chenyewe kila dakika kumi. Nambari isipande kupita hasi kumi na tano. Ikipanda, umeanguka. Ukianguka mara mbili, jina linapewa mtu mwingine, na laki saba zako unaziaga.

Margaret alikuwa ameshaanguka mara moja. Jumapili moja stima ilipotea asubuhi, ikarudi alasiri, na friza ile kubwa, safi, tupu, ikapanda hadi hasi sita. Alituma kidude Nairobi kwa basi, na jibu likaja kwa barua pepe likianza na "Tunasikitika" na kuishia na ushauri kwamba anunue jenereta. Jenereta, kwa bahati njema, waliuza wao wenyewe.

"Yaani mtu anakuambia una kiu, kisha anakuuzia mtungi," alisema Margaret siku hiyo, akitembea kutoka ukuta mmoja wa duka hadi mwingine. "Mimi hawa watu wananitia wazimu, Baba Ben."

Mtihani wa pili ulianza Ijumaa usiku. Jumapili Margaret alitakiwa Nairobi kwa mafunzo ya siku tatu, ambako angefundishwa kuchota aiskrimu gramu themanini na tano, si themanini na nne, si themanini na sita. Alimwachia Obadiah funguo za duka na daftari.

"Asubuhi, mchana, jioni, unaandika nambari ya kwenye kidude. Stima ikipotea, unaandika saa iliyopotea na saa iliyorudi. Basi. Hufungui friza. Hata ukisikia mtu analia humo ndani, hufungui."

"Nimeelewa," alisema Obadiah.

Na kweli alielewa. Obadiah hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kazi ya reli ya zamani mpaka akastaafu, na hakuwahi kukosea njia ya treni hata siku moja. Taabu yake ilikuwa moja tu: hakujua kumwambia mtu hapana. Na friza tupu inayonguruma mchana kutwa katika mji wa joto kama Voi, kwenye ukoo mpana kama wao, mlinzi wake akiwa mtu wa namna hiyo, hilo halikuhitaji mganga kutabiri.

Margaret alirudi Jumatano jioni, akalala, na Alhamisi asubuhi akafungua duka. Harufu ya rangi mpya ilimpokea vizuri. Kidude kilisoma hasi kumi na nane. Akatabasamu. Kisha akaona kifuniko cha friza hakikukaa sawa, kama kimekandamizwa na kitu, akakiinua.

Mbuzi mzima, aliyekatwa vipande vinne, alikuwa amelala ndani ya gunia jeupe la unga. Juu yake kuku kumi na mmoja, kila mmoja ndani ya mfuko wake. Pembeni, samaki wa Ziwa Jipe wamepangwa kama vitabu kwenye rafu. Na kwenye kona, vichupa vidogo sita vya maziwa, kila kimoja kimebandikwa karatasi: Abby, Jumatatu. Abby, Jumanne.

"Obadiah!"

Alipomwita kwa jina, badala ya Baba Ben, Obadiah alijua mambo yameharibika. Alikuja kutoka nyuma ya duka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Hii ni nini?"

"Ni vitu vya watu."

"Naona ni vitu vya watu! Ni watu gani?"

Obadiah alieleza. Tom wa samaki alikuwa amebakiwa na mzigo, barafu imemwishia. Nthenya, kiongozi wa kwaya, alikuwa na kuku wa harambee iliyosogezwa mbele. Vichupa vilikuwa vya Shanice, mpwa wao, aliyerudi kazini stesheni na mtoto wake Abby hana hata miezi mitano. Alikamua maziwa asubuhi na hakuwa na pa kuyaweka.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni wa Mama."

Margaret alifumba macho. Mama mkwe wake, Loise, mwenye miaka themanini na moja, aliishi Mbololo juu na alikuwa na kipaji cha kuleta vitu. Alileta ndizi, akaleta mihogo, akaleta wageni. Sasa ameleta mbuzi.

"Alianguka kwenye jabali akavunjika mguu," alisema Obadiah. "Ikabidi achinjwe. Lakini Mama Ben, huyo mbuzi si wa—"

"Sitaki kujua ni wa nini."

"Ni kwamba Mama aliku—"

"Obadiah, sitaki kujua! Awe wa mazishi, awe wa mahari, awe wa harambee, sitaki! Kifungu cha kumi na nne kinasemaje? Mtihani ukiisha wanatuma mkaguzi, na akikuta hata mdomo wa kuku humu ndani, tumekwisha. Laki saba! Umewahi kuziona laki saba zimekaa pamoja mahali pamoja?"

Obadiah hakuwa amewahi.

Margaret alikodi toroli kwa kijana wa mjengo na kulisukuma mwenyewe. Samaki aliwarudisha kwa Tom mbele ya wateja wake, akamwambia duka la aiskrimu si gati. Kuku aliwapeleka kwa Nthenya na kumwambia kwaya ijifunze kupanga mambo yake kama inavyopanga sauti. Vichupa vya Abby alivishika kwa muda mrefu kidogo kuliko vitu vingine, akasita, kisha akavipeleka stesheni vilevile na kumkabidhi Shanice bila neno, na hilo la bila neno ndilo lililomliza Shanice. Mbuzi alimshusha kwa Mulei, mwenye bucha ya jirani, Mkamba mpole aliyekuwa na chumba cha baridi na jenereta yake mwenyewe.

Kisha akampigia mama mkwe simu, damu ikiwa bado inamchemka. Mtu anapaswa kungoja. Hakungoja.

"Mama, nimemtoa mbuzi wako. Yuko kwa Mulei."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hii ni friza ya kazi, Mama. Tafadhali msilete kitu kingine. Hapa si stoo ya Mbololo."

Kimya kilikuwa kirefu mpaka Margaret akatazama simu kama imekatika.

"Nimesikia, mwalimu," alisema Loise, na akakata.

Katika miaka ishirini na tisa ya kuwa mkwe wake, mama huyo hakuwahi kumwita mwalimu. Alimwita Mama Ben hata kabla Ben hajafikisha wiki. Margaret alihisi neno hilo limemwingia mahali, akalisukuma kando, akachukua kitambaa na kuisugua friza mpaka ikang'aa. Ilikuwa safi. Ilikuwa tupu. Ilikuwa yake.

Siku tatu, nne, zikapita kwa amani. Nambari ilikaa hasi kumi na nane kama iliyopigwa msumari. Obadiah alitembea taratibu ndani ya nyumba, na jioni moja, wakila, alianza, "Mama Ben, kuhusu yule mbuzi," naye Margaret akaweka kijiko chini kwa namna iliyomfanya Obadiah aombe chumvi.

Jumanne adhuhuri, ujumbe ukaingia kwenye simu. Watu wa stima waliwaarifu wateja wao wapendwa kwamba kesho, Jumatano, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, umeme ungekatwa ili kurekebisha laini.

Margaret aliusoma mara mbili, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya duka lake la rangi ya machungwa. Saa nane nzima. Ile Jumapili ya kwanza stima haikupotea hata muda huo, na ilimwangusha. Alipiga simu kila mahali. Jenereta ya maana ya kukodi mjini ilikuwa moja, na ilikuwa imeshakwenda Mwatate kwenye arusi. Mwenyewe alimwambia asubiri Alhamisi. Alhamisi ya nini? Alitamani kumrushia simu.

Alitoka nje akasimama mlangoni kwa Mulei, si kwa matumaini makubwa, ila kwa sababu hakuwa na pengine pa kusimama.

"Mulei, naomba unikodishie jenereta yako kesho."

"Mwalimu, ningekupa. Lakini nikikupa, ng'ombe wawili wananiozea." Mulei alinoa kisu, akafikiri. "Na kwani ulimfukuza mbuzi kwa nini?"

"Usinianzie, Mulei."

"Sikuanzii. Nakuambia kazi yangu. Friza tupu haishiki baridi. Hewa inatoka, hewa inaingia, imekwisha. Kinachoshika baridi ni mzigo. Ukijaza vitu vilivyoganda, stima ikipotea vinalindana vyenyewe. Mimi jenereta ikikataa, chumba kikiwa kimejaa silali vibaya. Kikiwa kitupu ndio nalia."

Margaret alirudi dukani mbio. Alivuta daftari la Obadiah, lile ambalo kwa hasira hakuwahi hata kulifungua. Mwandiko wa mtu wa reli, ulionyooka: Jumanne. Stima imepotea saa mbili asubuhi. Stima imerudi saa tisa alasiri. Nambari saa mbili, hasi 18. Nambari saa tisa, hasi 17.

Saa saba bila stima. Imepanda nambari moja tu.

Alisimama akiwa na daftari mkononi, na kilichomjia kwanza hakikuwa furaha. Kilikuwa ghadhabu. Alikasirika kwa sababu walikuwa wamemsaidia. Walimsaidia bila kuombwa, bila kujua, kwa kuvunja kila sheria aliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na yeye kwa mikono yake mwenyewe akautoa msaada huo kwa toroli, mchana kweupe, mji mzima ukitazama. Hata kulia alishindwa. Angelia vipi kwa ajili ya mbuzi?

Akapiga moyo konde, akapiga simu Mbololo.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri, mwalimu."

"Mama, namhitaji yule mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Wako. Aliye kwa Mulei. Nataka arudi kwenye friza."

"Ile ambayo si stoo ya Mbololo."

Margaret akaeleza habari ya stima, na ya hewa, na ya mzigo unaolindana, na ya laki saba. Alieleza vizuri, kama somo la sayansi, kisha akaongeza kile alichokuwa akikizunguka. "Nilikosea kusema vile, Mama."

"Sawa," alisema Loise. "Lakini mbuzi wangu si mpira, apigwe huku, apigwe kule. Akiingia humo, ameingia. Atatoka Jumapili, na nitamtoa mimi. Umekubali?"

"Mama, Jumamosi mkaguzi ana—"

"Basi mwache kwa Mulei."

Saa zilikuwa zinakwenda. "Nimekubali," alisema Margaret.

Jioni hiyo toroli lilipita tena barabara ileile, safari hii likielekea dukani. Tom, aliyerudishiwa samaki mbele ya watu, alitaka aombwe mbele ya watu, na akaombwa. Nthenya alimtazama kutoka utosini hadi viatuni na kusema kwaya imeshajipanga, asante, kisha akaenda kutoa kuku kwenye friji ya dadake. Shanice alileta vichupa kumi badala ya sita. Mulei alimbeba mbuzi begani mwenyewe na kumlaza chini kabisa, akasema hapo ndipo baridi hukaa.

Jumatano saa tatu na dakika mbili, friza ilinyamaza.

Obadiah aliifunika kwa blanketi mbili na leso tatu. Margaret aliketi mbele ya kidude kama anayesimamia mtihani wa taifa. Saa sita, hasi kumi na nane. Saa nane, hasi kumi na saba. Nje joto lilipiga bati mpaka likalia. Saa kumi, hasi kumi na saba. Saa kumi na moja ilifika, stima haikufika. Margaret alipiga simu kwa watu wa stima, akaambiwa na sauti ya mashine kwamba simu yake ni muhimu kwao. Saa kumi na mbili, hasi kumi na sita. Akatoka nje, akatazama nguzo, akaitukana kwa Kidawida, lugha ambayo hakuwahi kuitumia kutukana tangu awe mwalimu. Saa moja na nusu, hasi kumi na tano nukta nne.

"Usiguse kifuniko," alimwambia Obadiah, ambaye alikuwa amekaa mbali na kifuniko.

Saa mbili kasorobo taa iliwaka na friza ikaguna. Kidude kilisoma hasi kumi na tano nukta mbili. Margaret aliinama akaweka paji la uso juu ya leso zile.

Ijumaa usiku siku ya kumi na nne ikaisha. Jumamosi asubuhi na mapema watu wakachukua vitu vyao, samaki, kuku na vichupa, na friza ikabaki na mbuzi peke yake.

"Nimwinue nimpeleke kwa Mulei kwa saa moja tu," alisema Obadiah. "Mkaguzi akiondoka, ninamrudisha. Mama hatajua."

Margaret alikuwa ameliwaza hilo tangu Jumanne. Aliinama, akalishika gunia, akalinyanyua mpaka kwenye ukingo wa friza. Vidole vilimuuma kwa baridi. Laki saba, makopo kumi na mawili ya rangi, miaka thelathini na mmoja ya chaki, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye gunia hilo. Alikumbuka sauti ile ikimwita mwalimu. Alikuwa amesema nimekubali, na alikuwa amewaadhibu watoto wengi sana kwa kusema kitu na kutenda kingine.

"Mimi nitajua," alisema, akamrudisha mbuzi chini.

Mkaguzi aliitwa Nicholas Muinde. Alifika na begi la kompyuta na uchovu wa safari, akakagua vigae, akakagua rangi, akapima kibao kwa utepe wake mwenyewe. Kisha akaunganisha kidude na kompyuta, na mstari wa siku kumi na nne ukajitandaza kwenye kioo.

"Mwalimu, hii ni kazi safi. Jumatano mlikatiwa stima kwa muda wa karibu saa kumi na moja, na bado mko ndani. Mlinunua jenereta?"

"Hapana."

"Sasa mlifanyaje?"

"Fungua friza," alisema Margaret.

Obadiah alitazama dari. Nicholas alifungua, akaangalia, akagusa gunia kwa kidole kimoja.

"Hii ni nyama."

"Ni mbuzi."

"Unakijua kifungu cha kumi na nne?"

"Ukurasa wa ishirini na mbili, mstari wa tatu kutoka juu. Nakijua kuliko aliyekiandika." Sauti yake ilianza kupanda, naye akaiacha ipande, kwa sababu alikuwa amechoka. "Huyo ndiye aliyeshika baridi yenu. Huyo, na samaki, na kuku wa kwaya, na maziwa ya mtoto. Mwaka mzima mnaniuzia rangi na vigae na vijiko, na hakuna hata mmoja kwenye kurasa themanini na nne aliyeandika kwamba friza haipimwi tupu. Sasa andika unachotaka kuandika."

Nicholas alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alitoa fomu, akaisoma mbele na nyuma.

"Mashine imefaulu," alisema mwishowe. "Hilo siwezi kuliandika vingine, kidude kimeshasema. Mzigo usioidhinishwa ni kosa, lakini hujaletewa aiskrimu bado, kwa hivyo ni kosa la faini. Elfu ishirini. Na atoke kabla lori halijafika."

"Elfu ishirini! Mbuzi mwenyewe hafiki elfu kumi!"

"Ndivyo ilivyo, Mwalimu. Cheti utapata." Aliandika, akafika kwenye mstari wa chini. "Hapa wanataka sababu ya kuwepo kwa mzigo. Mbuzi ni wa nini?"

Kwa siku tisa Margaret alikuwa amemfukuza mbuzi huyo, akamwomba, akamwapia, na hakujua ni wa nini. Aligeuka.

"Baba Ben. Mbuzi ni wa nini?"

"Nimejaribu kukuambia," alisema Obadiah kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko kama angemfokea. "Ni wako. Mama alimtenga siku ile ulipostaafu. Alisema Mama Ben akifungua duka, huyu ndiye atakayemfungulia. Ndio akaanguka kwenye jabali kabla ya siku. Kesho baada ya ibada wanashuka wote, na mchungaji, kubariki duka. Watu kama sitini."

Friza ilinguruma. Nicholas Muinde, ambaye alikuwa na mama yake Mtito, aliinamia fomu na kuandika polepole: Mbuzi wa kufungulia duka. Kisha akatia sahihi.

Margaret alichukua simu akatoka nje, akasimama juani. Iliita mara moja tu.

"Mkaguzi amekuja?" aliuliza Loise.

"Amekuja. Nimepita, Mama."

"Na mbuzi wangu?"

"Yuko ndani. Hajatoka." "Mama, sikukuuliza ni wa nini."

"Hukuuliza."

"Nisamehe, Mama."

Upande wa pili kulisikika jogoo, na mtu akiburuta kiti. "Watu wameshajiandaa," alisema Loise. "Watoto wa shule ya Jumapili nimewaambia asubuhi wasishibe uji, wabakishe nafasi ya aiskrimu. Wengine hawajawahi kuionja. Usiku hawalali."

Margaret alifumba macho. Kifungu cha ishirini na tisa. Mzigo wa kwanza hutoka Nairobi kwa lori la Kampuni, siku ya tatu baada ya cheti, wala si kabla.

"Mama," alisema, "aiskrimu inakuja Jumanne."

Kimya kilikuwa kirefu tena, na safari hii Margaret hakutazama simu. Alingoja.

"Basi, Mama Ben," alisema Loise, "tutakula mbuzi tukiingoja."